Askari Hafunzwi kwa Kusomewa Tu

Ndugu askari, wa jeshi na wa polisi, mlioko lindoni Busia, Malaba, Tororo na katika vituo vyote vilivyo chini ya mlima Masaba, leo tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kila mmoja wenu amelionja, ingawa ni wachache waliopata nafasi ya kulisema hadharani. Jambo lenyewe ni mafunzo ya kazini. Hatuna maana ya yale ya kuruta, bali yale yanayofuata miaka mingi baadaye, pale askari aliyekwisha kuizoea kazi yake anapoitwa ukumbini asubuhi ili akumbushwe wajibu wake.

Tuliwahi kualikwa kuhudhuria siku moja ya mafunzo ya namna hiyo katika kituo ambacho hatutakitaja, kwa kuwa kosa tulilolikuta huko si la kituo kimoja. Askari wapatao arobaini waliketi juu ya mabenchi, na wengi wao walikuwa wametoka zamu ya usiku. Mkufunzi alisimama mbele yao na karatasi zake, akaanza kusoma: kifungu cha kwanza, cha pili, cha tatu. Alisoma kwa sauti nzuri, wala hatuna shaka kwamba yote aliyoyasoma yalikuwa ya kweli. Lakini ilipofika saa nne mabati ya paa yalikuwa yamekwisha kupata moto, na kofia zikaanza kushuka juu ya macho, moja baada ya nyingine. Saa sita mkufunzi aliuliza kama kuna swali. Hapakuwa na swali. Akaandika katika daftari lake kwamba askari arobaini wamefunzwa namna ya kushughulikia ajali za barabarani, na sote tukaenda kula.

Lau jambo lenyewe lingekuwa ni usingizi tu, tusingelipa nafasi katika ukurasa huu. Lakini mwezi wa Julai 2021, mahali paitwapo Malanga katika kaunti ya Siaya, kwenye barabara ile ile itokayo Kisumu kuja Busia, lori la mafuta lilipata ajali usiku. Watu wakatoka majumbani na madumu kwenda kukinga mafuta yaliyokuwa yakimwagika. Moto ukalipuka, wakafa watu 13. Kabla ya hapo, tarehe 31 Januari 2009, msiba wa namna hiyo hiyo ulitokea Sachangwan, nchini Kenya, wakateketea watu zaidi ya mia moja. Na tarehe 10 Agosti 2019 ukatokea Morogoro, nchini Tanzania, wakafa tena zaidi ya mia moja. Kila askari aliyewahi kusimama Malaba anajua ni malori mangapi ya mafuta yanayopita mbele ya macho yake kwa siku moja, yakielekea Kampala, Kigali, Juba na Kongo ya Mashariki. Siku moja mojawapo litapinduka mbele ya soko. Askari wa kwanza kufika hapo huenda akawa ni konstebo kijana mwenye filimbi na kirungu, na mbele yake wamesimama watu mia mbili maskini wanaoona fedha ikitiririka mtaroni. Hapo ndipo tunapouliza: ni kifungu kipi kati ya vile alivyosomewa kitakachomjia kichwani?

Sasa tueleze kilichotokea baada ya chakula siku ile ile, kwani ndicho kilichotufanya tushike kalamu.

Sajini mmoja, mtu mzima aliyebakiza muda mfupi kustaafu, aliomba ruhusa kwa mkuu wake awatoe askari nje, chini ya mwembe. Alichukua kijiti akachora mchangani barabara, daraja, soko na shule. Vizibo vya soda vikawa magari, punje za mahindi zikawa wananchi, na kiberiti kikawa lori la mafuta, akakilaza ubavu katikati ya barabara. Kisha akamgeukia konstebo mdogo kuliko wote, akamwuliza, “Wewe ndiye uliyefika kwanza. Unasimama wapi?” Kijana yule, kwa ushujaa wote, akaweka kizibo chake karibu kabisa na kiberiti, ili apate kuwafukuza wezi wa mafuta. Sajini hakumkemea. Aliuliza tu upepo unavuma kutoka wapi, akawasha njiti moja, akaitupa juu ya kiberiti. Kikalipuka chote. “Umekufa, mwanangu,” akasema. “Na hawa mahindi wote wamekufa pamoja nawe. Nani wa pili?”

Watu walicheka, kisha wakanyamaza, na katika kunyamaza kule tuliona kwa mara ya kwanza siku ile kwamba darasa limeanza. Wa pili alisimama mbali zaidi, lakini akasahau kuziba barabara upande wa nyuma, na basi la abiria likaja likaingia motoni. Wa tatu alikumbuka barabara, akawakumbuka na watoto wa shule. Ndipo koplo mmoja, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akainua mkono. Alisema kwamba hapo sokoni, hatua hamsini tu kutoka ukingo wa barabara, hukaa mama wa chapati na jiko lake la mkaa, na nyuma yake wapo vijana wa bodaboda ambao hawazimi injini zao. Je, nani atakwenda kumwambia yule mama azime jiko? Jambo hilo halikuwamo katika karatasi za mkufunzi. Lisingeweza kuwamo, kwa sababu aliyeziandika hajapata kula chapati mahali pale.

Mchezo huo haukuchukua hata saa moja, wala haukugharimu shilingi, ukiacha kiberiti. Hakuna aliyesinzia.

Wapo watakaosema kwamba askari ni mtu wa heshima na silaha, na kwamba kumchezesha vizibo vya soda ni kumrudisha utotoni. Hoja hii si mpya. Maofisa wa jeshi la Prussia waliielewa vizuri. Mwaka 1824 luteni mmoja kijana, Georg von Reisswitz, aliwaonyesha wakuu wa jeshi hilo mchezo wa vita alioutengeneza yeye na baba yake, unaochezwa juu ya ramani kwa vipande vidogo na dadu, na mwamuzi akiwa katikati. Jenerali von Müffling, aliyekuwa mkuu wa makao makuu, aliutazama kwanza bila hamu, lakini mwisho wake aliusifu na kuagiza vikosi viupate. Baadaye majeshi mengine makubwa ya dunia yakauiga. Nasi hatuna haja ya kwenda Prussia ili tuamini kwamba mchezo hufunza mbinu. Mzee aketiye chini ya mti mbele ya ubao wa bao, ambalo wenzetu Waganda huliita omweso na Wajaluo huliita ajua, anahesabu kete za adui yake kabla ya kushika zake. Hakuna anayemwita mtoto.

Sababu ya mchezo kufunza ni moja, nayo ni rahisi. Katika mchezo mtu ana ruhusa ya kukosea. Askari aliyesomewa kanuni anadhani anaijua mpaka siku ya ajali. Askari aliyekwisha kufa mara moja juu ya mchanga amejigundua mapema, na kosa lake halikumzikisha mtu yeyote. Tena mchezo humlazimisha kuamua. Msikilizaji anaweza kukubali kila kitu kwa kutikisa kichwa. Aliyeulizwa “unasimama wapi” hana budi kuweka kizibo chake mahali fulani, na wenzake wote wanakiona.

Hata hivyo hatutetei kila mchezo. Tumeona pia mafunzo mengine, yale ya hotelini, yanayolipiwa na wafadhili, ambamo watu wazima wenye vyeo huambiwa wasimame, wapige makofi, watupiane mpira, wajifanye tembo, ati ili wachangamke. Watu huchangamka kweli, kisha huketi na kusomewa karatasi zile zile. Mchezo usiofanana na kazi ni kama chumvi iliyomwagwa pembeni ya chungu. Mkufunzi akitaka tu damu itembee, basi na awaamshe askari wakimbie mchakamchaka kwa wimbo, jambo ambalo wanalijua kuliko yeye.

Mchezo unaofaa ni ule ambao ukiuondolea kicheko unabaki kuwa kazi yenyewe. Mathalani lipo igizo la lango. Askari mmoja anakuwa mlinzi wa mpaka, mwingine anakuwa mwanamke anayevuka na magunia mawili ya mahindi na kikapu cha dagaa, na wa tatu anasimama kando bila kusema, kazi yake ikiwa ni kutazama tu na baadaye kueleza alichokiona. Mwanamke huyu hajui Kiswahili vizuri. Anazungumza Ateso, au Kisamia, au Dhopadhola. Amepita kizuizi kingine nyuma na ameombwa kitu kidogo, kwa hiyo anapomwona mwenye sare anaanza kutetemeka, na mlinzi anadhani mtetemeko ule ni dalili ya magendo. Dakika kumi zinatosha. Kisha wabadilishane nafasi, na hapo ndipo penye siri ya igizo zima: anayefaa kuwa yule mwanamke ni yule askari anayesifika kwa ukali. Na avae leso, abebe gunia la kweli kichwani, asubiri juani wakati mlinzi anaongea na rafiki yake. Hatujui kifungu cha sheria kinachoweza kumfunza mtu upesi kuliko gunia hilo.

Ipo na michezo midogo ya kumbukumbu, ambayo polisi hasa wangeitumia kila wiki. Vitu ishirini au zaidi huwekwa juu ya meza na kufunikwa. Kitambaa hufunuliwa kwa dakika moja, hufunikwa tena, na kila mtu huandika alivyoviona. Mchezo huu umo katika kitabu cha Kim cha Mwingereza Rudyard Kipling, kilichotoka mwaka 1901, na Baden-Powell akauingiza katika mafunzo ya maskauti mwaka 1908. (Baden-Powell huyo, kwa wasiojua, amezikwa Nyeri, si mbali sana na Kiganjo wanakofunzwa polisi wa Kenya.) Sisi tunapenda zaidi namna yake nyingine. Katikati ya somo mtu asiyejulikana aingie ghafla, aseme maneno mawili kwa hasira, achukue kitu mezani, atoke. Mkufunzi aendelee kidogo kana kwamba hakuna kitu, halafu awaambie wote waandike taarifa. Mmoja ataandika kwamba mtu yule alikuwa mrefu, mwingine mfupi. Mmoja ataapa kwamba alivaa shati jekundu. Askari aliyejiona mwenyewe akikosea hivyo atamsikiliza shahidi kwa subira zaidi, wala hatamwita mwongo kwa sababu tu maneno yake hayalingani na ya jirani yake.

Lakini mchezo ni nusu tu ya somo. Nusu ya pili ni mazungumzo yanayofuata, nayo ndiyo inayosahauliwa na wakufunzi wengi, ambao kengele ikilia huwashukuru washiriki na kufunga daftari. Katika Afrika Mashariki tunao mfano mkubwa wa jambo hili. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kila wiki, wakasikiliza kipindi, wakasomewa kijitabu, kisha wakaulizana: hapa kwetu malaria inatoka wapi, choo chetu kiko wapi, na wiki hii tutafanya nini? Viongozi wa vikundi, ambao walikuwa makumi ya maelfu, walifunzwa kuongoza maongezi na si kuhutubia. Wakatoka hapo wakaenda kufyeka majani na kuchimba vyoo. Kama mkulima asiyejua kusoma aliweza kufunzwa kwa njia hiyo, hatuoni kwa nini koplo mwenye miaka kumi na tano kazini aketishwe kama mtoto wa chekechea.

Jeshi la Marekani nalo, hasa tangu lilipofungua uwanja wake mkubwa wa mazoezi huko Fort Irwin, California, mwanzoni mwa miaka ya 1980, lilijiwekea desturi ya kuketi mara tu zoezi linapokwisha na kujiuliza: tulikusudia nini, kilitokea nini, kwa nini vilitofautiana, na mara nyingine tufanyeje. Katika kikao hicho askari wa kawaida anaruhusiwa kutaja kosa la kamanda wake.

Hapa, ndugu zetu, tunafika penye mwiba. Katika vikosi vyetu neno la afande halijadiliwi, na ni haki lisijadiliwe wakati risasi zinalia. Lakini tabia hiyo inapoingia darasani inaua somo. Mkuu akisema wa kwanza, wote waliobaki watasema aliyosema mkuu, hata kama kila mmoja anajua kwamba jiko la mama wa chapati limesahauliwa. Yule koplo wa chini ya mwembe alinyamaza asubuhi nzima. Hakuwa mjinga asubuhi akaerevuka mchana. Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa vituo jambo moja ambalo ni gumu kuliko linavyoonekana: katika kikao cha baada ya mchezo, mdogo aseme kwanza na mkubwa aseme mwisho. Na mkubwa akiwa amekosea katika mchezo, akubali kosa lake kwa kinywa chake mwenyewe. Tulimwona mkuu mmoja akifanya hivyo. Aliweka kizibo chake penye upepo, akafa kama yule konstebo, akavua kofia akacheka. Heshima yake haikupungua. Tangu siku ile, tuliambiwa, askari wake humletea habari ambazo zamani walikuwa wakizificha.

Limebaki moja, nalo ndilo linalotuhusu zaidi sisi wa mpakani. Mwaka 1902, mwaka ule ule lilipoundwa jeshi la King's African Rifles, ambalo ndani yake Kiswahili kilipata kuwa lugha ya askari wetu, Waingereza waliukata mkoa wa mashariki wa Uganda wakauingiza upande wa Kenya. Waiteso na Wasamia wako pande zote mbili hadi leo, na jina la bodaboda lenyewe inasemekana lilizaliwa hapa, kwa vijana waliokuwa wakiwavusha watu kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka. Lakini mwezi wa Desemba 1987 askari wa Uganda na wa Kenya walifyatuliana risasi hapa Busia kwa siku kadhaa, watu wakafa, mpaka ukafungwa, hadi Marais Moi na Museveni walipokutana Malaba mwishoni mwa mwezi huo. Hatukusudii kufukua nani alianza. Tunachojua ni kwamba askari wa pande mbili waliokuwa wakitazamana kila siku hawakuwa na desturi ya kuketi pamoja na kuulizana wafanye nini jambo likitokea.

Siku hizi hawatazamani tena kwa mbali. Tarehe 24 Februari 2018 Marais Museveni na Kenyatta walikizindua rasmi kituo cha pamoja cha Busia, na Malaba nayo ina kituo kama hicho, ambamo maofisa wa nchi mbili hufanya kazi katika jengo moja ili msafiri asimame mara moja tu. Majeshi ya Jumuiya nayo yamekwisha kuzoea kufanya mazoezi pamoja; mwaka 2022 zoezi la Ushirikiano Imara lilifanyika Jinja, likiwakusanya askari, polisi na raia. Hayo ni mema. Ila mazoezi makubwa huja na kuondoka, na wanaochaguliwa kwenda ni wachache. Konstebo wa zamu ya usiku Malaba hakwenda Jinja.

Tunapendekeza basi kwamba vituo vya pande zote mbili vitenge saa moja kila mwezi, askari wa Uganda na wa Kenya waketi kuzunguka mchanga mmoja, wacheze mchezo mmoja kwa Kiswahili, na kila mwezi sajini wa upande mwingine ndiye aongoze. Haihitajiki bajeti mpya wala hoteli. Na mchezo wa kwanza tungependa uwe huu: lori la mafuta limepinduka saa mbili usiku katikati ya malango mawili, kichwa chake kiko Uganda na tangi lake liko Kenya, na watu wanakuja na madumu kutoka kila upande. Nani anatoa amri ya kwanza, na askari wa nchi ya pili wataitii? Tuliwauliza swali hilo askari watatu wa zamu tofauti, na tulipata majibu matatu.